Mafunzo ya Kuongoza Rafti Mtoni Tana: Tathmini kwa Wafanyakazi wa Ufuo wa Mombasa

Kila mwaka baada ya Pasaka, kusi inapoanza kuvuma na bahari kuchafuka, kazi ya utalii hupungua Mombasa. Hoteli kadhaa za Nyali, Bamburi na Shanzu huwapumzisha vibarua wao, boti za vioo zinazopeleka wageni kwenye matumbawe hupandishwa mchangani zipakwe rangi, na vijana waliokulia majini hukaa wakisubiri wageni wa Julai. Katika miezi hiyohiyo mvua za masika huwa zimekwisha kuujaza mto Tana kule bara, na kambi za Sagana zinazowapitisha watalii kwenye maji makali kwa rafti, yaani boti nene za mpira zilizojazwa upepo, huhitaji mikono ya ziada. Msimu wetu wa njaa ndio msimu wao wa kazi, na kwa sababu hiyo niliamua kuyafuata mafunzo ya kuongoza rafti yanayotolewa na kambi moja ya huko, na sasa nayaandikia wenzangu wa ufuoni wanaofikiria kufanya hivyo.

Niseme mapema ninavyoyaona. Mafunzo haya yanastahili ada yake, kwa kuwa yanamlazimisha mtu wa bahari ajifunze kuusoma mto kabla hajakabidhiwa boti yenye watu. Upungufu wake uko mwishoni, pale ambapo mwanafunzi anatoka kwenye mazoezi na kuingia kazini, na upungufu huo ni mzito zaidi kwa mtu anayetoka Mombasa kuliko kwa kijana wa Sagana.

Sehemu ya kwanza ilifanyika hukuhuku Mombasa, kwa masomo ya jioni katika ukumbi wa kukodi na mazoezi ya kuogelea katika hori la Tudor. Sehemu ya pili, ambayo ndiyo mafunzo hasa, ilikuwa Sagana. Kufika huko si tabu: mtu hupanda treni Miritini hadi Nairobi, kisha matatu za kuelekea Nyeri, na Sagana haizidi sana kilomita 100 kutoka jijini. Masomo ya Mombasa yangeweza kufupishwa bila hasara kubwa, isipokuwa somo moja ambalo lilifundishwa vizuri sana, nalo ni la madaraja ya maji.

Duniani kote mikondo ya mito hupangwa katika madaraja 6. Daraja la kwanza ni maji yanayotembea yakiwa na viwimbi tu. La tatu lina mawimbi yasiyo na mpangilio yanayohitaji boti igeuzwe kwa ustadi. La tano ni la wenye uzoefu mkubwa, na la sita huhesabiwa kuwa halipitiki au linapitika kwa kuhatarisha maisha. Mwalimu alisisitiza kwamba daraja si mali ya mahali, bali ni la mahali na siku. Poromoko lililo la tatu mwezi wa Februari huweza kuwa la nne au la tano mvua zikishanyesha, na mengine hufanya kinyume, kwani maji mengi huyafunika mawe yaliyokuwa yakisumbua. Tana hutoka kwenye safu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na pale Sagana bado haujafika kwenye mabwawa makubwa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kwa hiyo kiasi cha maji hutegemea zaidi mvua iliyonyesha mlimani jana na juzi. Kiongozi wa rafti hulazimika kuupima mto upya kila asubuhi, na katika kambi ile wanafunzi walipelekwa kila siku kulitazama jiwe lililochorwa alama za kimo cha maji kabla ya chai. Zoezi hilo lilinipendeza kuliko mengi. Nahodha wetu hutazama mwezi akajua bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, itaingia lini. Kule hakuna mwezi unaosaidia.

Mtu aliyezoea bahari huona tofauti kubwa zaidi anapofika kando ya mto wenyewe. Mwalimu wetu, mzaliwa wa Sagana aliyeongoza boti kwa miaka mingi, alitukalisha kwenye mwamba siku ya kwanza bila kuturuhusu kugusa kafi. Alisema: "Ndugu zangu, baharini mmezoea wimbi linalowajia. Hapa wimbi haliendi popote. Ninyi ndio mnaoliendea." Ni kweli tupu. Baharini umbo la wimbi husafiri ilhali maji yenyewe hupanda na kushuka karibu palepale, lakini mtoni maji hukimbia na wimbi hubaki limesimama mahali pamoja, kwa kuwa limetokana na jiwe au kina kilicho chini yake. Kwa hiyo wimbi la mtoni ni habari ya kilicho chini, na anayejua kuisoma huona mawe ambayo hayaonekani.

Tulikaa pale tukifundishwa alama moja baada ya nyingine. Maji yakichora umbo la V ambalo ncha yake inaelekea mto unakokwenda, hapo kuna njia kati ya mawe mawili. Ncha ikielekea mto unakotoka, hapo pana jiwe. Nyuma ya kila jiwe kubwa kuna maji yanayorudi kinyume na mkondo, tulivu kiasi cha boti kupumzika, na mpaka kati ya maji hayo na mkondo huonekana kama mshono wa povu. Ukiuvuka mshono huo kwa pembe mbaya, mkondo hunasa ubavu wa boti na kuipindua. Kuna pia mahali ambapo maji huanguka juu ya mwamba, yakazama, kisha yakajiviringisha kurudi nyuma, na hapo ndipo boti huweza kushikwa na mtu akazungushwa bila kutoka. Lakini kitu ambacho mwalimu alikiogopa kupita vyote hakikuwa na kelele hata kidogo: mti ulioanguka ukingoni, matawi yake yakiwa majini. Maji hupita katikati ya matawi, mtu hapiti. Alituonyesha mmoja, na akatuacha tuutazame kwa muda mrefu majani makavu yakifika, yakibanwa na yakizama.

Somo la kuogelea liliwatikisa watu wa Pwani, na nadhani ndilo lililostahili ada peke yake. Wengi wetu tuliingia tukiwa na kiburi, maana kijana aliyezoea kuruka kwenye kina cha Mlango wa Kilindini haoni kwa nini afundishwe kuogelea kwenye mto mwembamba. Kumbe mtoni haogelewi hivyo. Anayeanguka hulala chali, miguu mbele na vidole vikiwa juu ya maji, magoti yamekunjwa kidogo ili nyayo zipokee mawe badala ya kichwa. Na akiona maji yanayorudi ndipo hugeuka kifudifudi na kupiga mikono kwa nguvu zote kuelekea huko. Amri iliyorudiwa mpaka ikaingia damuni ni kwamba mtu asisimame kamwe kwenye mkondo unaokwenda kasi. Mwenzetu mmoja wa Likoni aliuliza, "Mwalimu, maji yenyewe yananifika gotini tu, kwa nini nisisimame?" Akajibiwa, "Ndiyo sababu usisimame, kaka. Ya kina yangekubeba. Haya yatakuangusha mguu ukiwa umebanwa kati ya mawe, na hutaweza kuinuka."

Maelezo yaliyofuata yalikuwa ya hesabu, na yalieleweka na kila mtu. Kasi ya maji ikiongezeka mara 2, nguvu yanayokusukuma nayo huongezeka mara 4. Mtu aliyebanwa mguu hasukumwi na maji ya dakika moja. Anasukumwa na mto mzima, na hauchoki. Kisha tuliingia majini tukavuka kwa vikundi, tumeshikana mabega, aliye mbele akiegemea kafi, na kila mmoja aliihisi nguvu hiyo mapajani. Baridi nayo ilikuwa mwalimu wa pekee. Maji yanayoshuka kutoka mlimani humkata pumzi mtu aliyezoea bahari yenye joto mwaka mzima, na kwa muda mfupi wa mwanzo hawezi hata kuita. Kambi ilipaswa kutuonya kuhusu jambo hilo tulipokuwa bado Mombasa, ili kila mmoja aje na fulana nzito ya kuogelea, kwa sababu zile za kukodisha kambini hazikutosha na baadhi yetu walitetemeka siku nzima.

Kwenye kamba, watu wa Pwani tuling'aa. Kila kiongozi hubeba mfuko wenye kamba inayoelea, ya mita kati ya 15 na 20 hivi, ambao hurushwa kwa mtu aliyeanguka huku mrushaji akiwa ameshika ncha. Mfuko hurushwa umpite kidogo mwogeleaji ili kamba imwangukie kifuani, naye huishika kamba, si mfuko, akalala chali akiwa ameipitisha begani. Kuna mpangilio wa uokoaji ambao tuliukariri: kwanza mfikie mtu kwa kafi au mkono, ikishindikana mrushie kamba, ikishindikana mfuate kwa boti, na kuogelea kumwendea ni hatua ya mwisho kabisa. Vijana wetu waliofanya kazi ya ulinzi wa wageni ufuoni walizoea kuruka mara moja, na ilichukua muda kuiacha tabia hiyo.

Boti iliyokwama kwenye mwamba huvutwa kwa mfumo wa kamba na kapi unaoifanya nguvu ya mtu mmoja iwe karibu ya watu watatu. Mabaharia wa jahazi wanaelewa jambo hili bila kuchorewa ubaoni, kwa kuwa foromali nzito, yaani mti unaobeba tanga, hupandishwa kwa kapi na jarari, kamba yake ya kuipandishia, kwa kanuni hiyohiyo. Mzee mmoja wa kundi letu, aliyewahi kusafiri kwa jahazi hadi Lamu, alifunga mfumo mzima kwa muda mfupi kuliko mwalimu msaidizi, na mwalimu mkuu akamwambia kwa heshima, "Mzee wangu, leo wewe ndiye utakayewafundisha." Ningependa kambi ichukue funzo hapo. Watu wanaoletwa kutoka Mombasa wana ujuzi wa fundo, upepo na boti ambao haukutumiwa ipasavyo, na muda mwingi ulipotea kuwafundisha kufunga fundo wanazozifunga wakiwa wamefumba macho.

Zoezi la kupindua boti lilifanyika mwishoni mwa poromoko moja, mahali penye maji mapana na tulivu. Rafti ikiwa imepinduka, kiongozi hupanda juu ya tumbo lake lililoangalia mbingu, hunasa utepe wake wa kuigeuzia boti kwenye kamba ya ubavuni, husimama ukingoni na kujitupa nyuma kwa uzito wake wote mpaka boti igeuke na kumfunika. Hapo hujikuta chini yake, gizani, na hutakiwa kutoka kwa utulivu huku mkono mmoja ukiendelea kuishika boti, kwani boti inayokwenda peke yake huwaacha wageni wote bila pa kushika. Sijaona chuo chochote cha boti za watalii huku kwetu kinacholazimisha kila mwanafunzi afanye hivyo mpaka afaulu, na nimewaza mara nyingi kwamba kingekuwapo, tungelala kwa amani zaidi.

Ufundishaji wa amri nao ulikuwa mzuri. Kiongozi hukaa tezi, yaani nyuma ya boti, na boti huendeshwa na wageni ambao pengine hawajawahi kushika kafi, kwa hiyo sauti yake ndiyo sukani ya pili. Amri ni chache na fupi: mbele, nyuma, kulia nyuma, kushoto nyuma, acha, shika kamba, chini. Kabla ya safari mgeni hufundishwa kwamba mkono mmoja usiondoke kwenye kishikio chenye umbo la herufi T kilicho juu ya kafi, maana kishikio kilichoachwa huru ndicho kinachovunja meno ya jirani. Helmeti hufungwa mpaka isitikisike, na jaketi la kuokoa maisha huvutwa kwa juu mabegani kuona kama litapanda. Likipanda hadi masikioni, limefungwa vibaya. Hapa mtu aliyefanya kazi hotelini ana faida kubwa, kwa sababu anajua kuzungumza na mgeni mwenye hofu bila kumfedhehesha, na anajua kumkatalia mlevi kwa maneno laini. Mwalimu alikuwa mkali juu ya jambo hilo la pili: asiyeweza kumwambia mgeni kwamba leo hapandi, hafai kuongoza.

Sasa niyataje yaliyonikera. Jambo la kwanza ni afya. Mwea, eneo la mashamba ya mpunga lililo jirani na Sagana, limefahamika kwa miaka mingi kuwa na kichocho cha matumbo, na mtu wa bahari hana mazoea ya kulifikiria jambo hilo, kwa kuwa konokono wanaoueneza huishi kwenye maji baridi, si ya chumvi. Katika mafunzo yote sikusikia mwalimu hata mmoja akilitaja neno kichocho. Mwanafunzi anapaswa kuambiwa kwamba hatari huwa zaidi kwenye maji yaliyotuama kando ya majani, kwamba ni vizuri kujikausha upesi anapotoka, na kwamba baada ya wiki kadhaa aende apimwe choo, kwani dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inaponya. Kiongozi anayeingia mtoni kila siku kwa msimu mzima anahitaji maelezo hayo kuliko mtalii wa siku moja.

Jambo la pili ni cheti. Kilichotolewa mwishoni ni cheti cha kambi yenyewe, ilhali tangazo liliandikwa kwa namna iliyowafanya wengi waamini watapata kile cha Shirikisho la Kimataifa la Rafti, IRF. Shirikisho hilo lina utaratibu wake wa kuwapima viongozi kupitia wapimaji wake, na huangalia pia cheti hai cha huduma ya kwanza. Cheti hicho cha huduma ya kwanza hakikuwamo kwenye ada. Kila mmoja alilazimika kukitafuta na kukilipia mwenyewe. Kwa anayetaka kufanya kazi Sagana pekee, cheti cha kambi kinatosha kuanzia. Kwa anayeota kuvuka mpaka kwenda Jinja, Uganda, hakitamfikisha mbali, na ni vema ajue pia kwamba mto Naili wa Jinja si ule wa zamani: bwawa la Bujagali lililokamilika mwaka 2012 liliyafunika maporomoko maarufu ya jina hilo, na lile la Isimba la mwaka 2019 likameza mengine chini yake.

Kuhusu maisha ya kambini sina mengi ya kulalamikia. Chakula kilikuwa cha kutosha, mpishi alituhakikishia nyama ya halali tulipouliza, na ratiba iliacha nafasi ya sala bila mabishano. Dada zetu wawili waliokuwa kundini walivaa suruali za kubana na fulana za mikono mirefu chini ya jaketi, wakafanya kila zoezi, na hakuna aliyewasumbua. Mahema yalivuja.

Watu wa Mombasa wameniuliza kwa nini tusifanye kazi hii karibu na nyumbani, kwenye maporomoko ya Lugard ya mto Galana. Wanasahau kwamba pale ni ndani ya hifadhi ya Tsavo Mashariki, na chini kidogo ya mawe yale ndipo wageni hupelekwa kutazama mamba. Mtu anayefundishwa kulala chali na kuelea baada ya kila poromoko hatakiwi kuelea mahali kama hapo.

Nawashauri pia wasiende kichwakichwa kwa sababu tu ni msimu wa maji. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 mito mingi ya Kenya ilipita kiasi, na kambi yenye busara hufunga shughuli mto unapofika hapo, kwa hiyo anayepanga kuishi kwa ujira wa siku awe na akiba ya siku zisizo na ujira. Mwishoni mwa mvua, na tena baada ya vuli ya Novemba, ndipo kazi huwa ya kutegemewa zaidi.

Linabaki suala la kazi yenyewe, ambalo kambi haikulieleza kwa uwazi. Anayehitimu hapewi wageni mara moja. Hukaa kwanza kama msaidizi kwenye boti ya kiongozi mzoefu, hubeba, hupika, hurusha kamba kutoka ukingoni, na safari zake huandikwa kitabuni mpaka mkuu wa safari aridhike. Utaratibu huo ni sahihi na ningeshangaa kama usingekuwapo. Tatizo ni kwamba wasaidizi huitwa kwa simu jioni ya kuamkia safari, na kijana wa Sagana hufika kwa bodaboda huku wa Mombasa akiwa bado anatafuta tiketi ya treni. Wenzetu kadhaa wamekosa nafasi kwa njia hiyo, wala si kwa uzembe. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, mtu aiulize kambi mambo matatu: kama itampa mahali pa kulala msimu wote wa usaidizi, ni kiasi gani kitakatwa kwenye ujira wake kwa ajili ya malazi hayo, na ni safari ngapi za usaidizi zinazohitajika kabla ya kukabidhiwa boti. Majibu ayapate kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, na akiambiwa kwamba hayo yatazungumzwa akishafika, asubiri kundi linalofuata.